Karatasi Ndani ya Leza

Shoga, nimeumbuka leo mbele ya walimu wote, hata sijui uso niuweke wapi.

Kalamu yangu ya leza imegoma kuwaka katikati ya kikao. Nabonyeza, wapi! Natia betri mpya, wapi! Hasira zikanipanda, nikamgeukia yule mwalimu wa fizikia tunayemwita Miwani: "Umeiharibu wewe!" Mkuu wa shule kakaa pale pale, wallahi.

Yeye wala hakukasirika. Akasema, "Dada, toa kwanza hiyo karatasi kwenye springi." KARATASI?!

Akaichukua kalamu, akaifungua, akachokoa na pini. Ikatoka karatasi imekunjwa, ina wino wangu mwekundu. Hapo ndipo nikakumbuka. Niliichomeka mwenyewe kabla ya likizo, ili Miwani akiidokoa kalamu yangu isimwakie. Nikasahau kabisa!

Watu walicheka mpaka machozi. Mkuu akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, nimwombe mwenzangu radhi. Nikaomba, meno nimeyauma.

Lakini shoga, kuna kitu kinanikereketa. Ile karatasi niliificha peke yangu, na leza nikaifungia kwenye droo.

Sasa alijuaje kwamba imo, kabla hata hajaishika?