Mbega Wekundu na Barua Mbili za Mkono Mmoja

Jumatatu, tarehe 5 Februari 2024

Daftari Mheshimiwa,

Baada ya salamu zinazostahili kurasa zako safi, mimi Ismaili Radjabu, mwandishi wa barua za watu katika soko la Rumonge, naweka mbele yako kusudi langu, nalo ni moja: kuwaokoa mbega wekundu wa mlima Nyabihondo kabla mti wao wa mwisho haujaingia chini ya pipa la mawese.

Jana nilipanda huko na Mulamba, mlinzi wa msitu. Saa tatu za kupanda! Viatu vyangu vya heshima vimeomba kustaafu. Lakini niliwaona. Thelathini na mmoja, juu ya korongo, migongo rangi ya kutu, wakila majani machanga kwa utulivu wa watu waliokwisha kupokea mshahara. Mama mmoja alimkabidhi jirani mtoto wake, akaenda zake kula. Mulamba anasema zamani yalikuwa makundi manne. Limebaki hili. Na mdomoni mwa korongo — visiki vipya. Niliviangalia hadi nikaona aibu. Kuni hizo hushuka mjini kuchemshia chikichi.

Nani anachemsha chikichi? Nusu ya mji. Pamoja na mke wangu, Biasha. (Hili sikumwambia Mulamba.)

Nitaiandikia komini, serikali yetu ya hapa. Korongo lifungwe.

Jumanne, tarehe 6 Februari 2024

Barua imekamilika. Aya sita. "Tunanyenyekea, ila tumesimama wima" — sentensi hiyo nimeisoma mara tano, haina doa. Shule yangu haikufika mbali. Lugha ya ofisi nilijifunza kwenye barua kuukuu walizofungia ndagala. Leo hata harufu ya samaki haisikiki.

Saini: tatu. Yangu. Ya Mulamba. Na ya mwalimu Sabine, aliyesaini nilipomaliza kumsomea aya ya pili, ili nisimsomee ya tatu.

Chanceline, muuza ndagala wa meza ya jirani, alikataa katakata. Eti hao nyani wangu walimaliza mihogo ya mama yake. Nilimfafanulia kwamba mwizi wa mihogo ni nyani. Mbega hula majani.

"Basi wasaini wenyewe! Si iko na vidole?"

Nikamjibu, kwa mujibu wa alivyonieleza Mulamba, kwamba mbega hana dole gumba. Soko zima lilicheka. Lakini ndivyo ilivyo! Anashika tawi kwa vidole vinne tu.

Jumatano, tarehe 7 Februari 2024

Balaa.

Saa nne asubuhi wanawake wanne wamesimama mbele ya meza yangu. Chama cha wakamua mawese. Mwenyekiti wao — Biasha! Akanisalimu kama mgeni aliyeshuka sasa hivi kwenye gari la Bujumbura.

"Amahoro, bwana mwandishi. Tuko wateja."

Nikamnong'oneza: Mama Sumaya, haya tungeyazungumza nyumbani.

"Nyumbani weye ni bwana yangu. Hapa weye ni kalamu. Andika."

Meza yangu ina sheria moja tangu siku ya kwanza: mwandishi hachagui mteja. Nimewahi kuandika mashtaka na utetezi wa mbuzi mmoja, asubuhi moja, na pande zote mbili zikanishukuru. Basi nikachukua karatasi. Wanaomba ruhusa ya kukata kuni korongoni, maana kwingine kumekwisha. Biasha alisema, mimi nikapanga.

"Andika: mawese ndiyo ilisomesha watoto yetu. Andika: mama Hadjara iko na miaka sabini, atachemsha na nini, na maneno? Andika: mbega hajawahi kufika kwenye matanga ya mutu."

Nikaandika. Nikapamba. Nikapima kila nukta. Mwenyezi Mungu anisamehe — ni barua bora kuliko zote nilizopata kuandika. Aya saba. Vidole gumba arobaini na viwili, vimepigwa kwa mawese kwa kuwa wino uliisha.

Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024

Nimepeleka barua zote mbili komini kwa mkono wangu. Wanawake walikuwa na kazi, na mimi nilikuwa naelekea huko.

Sekretari akapiga kashe moja, muhuri wa komini, akapiga ya pili. Akazitazama tena. Akaniuliza, mzee Ismaili, umegombana na nafsi yako? Nikamwarifu kwamba ni dosiye mbili tofauti, kila moja na jalada lake. Nilipofika mlangoni nilimsikia akiita wenzake waje waone.

Jumatatu, tarehe 12 Februari 2024

Nimeitwa. Mkuu wa komini ni mama wa miwani, hana haraka. Amezisoma zote mbili mbele yangu, kwa sauti.

Ya mbega: akatikisa kichwa kwa kukubali. Vyema.

Ya wanawake: alipofika kwa mama Hadjara, akavua miwani, akafuta macho. Nilijivuna! Kifua kilinijaa! Kisha nikawakumbuka mbega.

"Nani anasema kweli hapa?"

"Wote, Mheshimiwa."

"Bwana Ismaili, korongo ni moja. Nitaifunga na kuifungua pamoja?"

Uamuzi wake: Alhamisi asubuhi apate barua moja, iliyokubaliwa na pande zote mbili. Isipofika, atasaini ile yenye watu wengi. Nilimwuliza kwa adabu ikiwa uzuri wa lugha hauhesabiwi. Akasema, ukihesabiwa ndiyo kabisa umeshindwa.

Roho thelathini na moja juu ya korongo. Na aliyewashinda ni mimi.

Jumanne, tarehe 13 Februari 2024

Usiku nilipata hoja: makapi! Nyuzi zinazobaki baada ya kukamua, wanawake huzitupa lundo kwa lundo. Kwa nini zisiwe kuni? Nikaomba pipa moja nilichemshe mwenyewe, hadharani.

Moshi! Moshi kama wa siku ya kiyama. Wanawake walikimbia hadi kwenye barabara wakishika mbavu kwa kicheko.

"Mafuta ya bwana mwandishi iko na harufu ya samaki mukeke ya kukausha!" — mama Hadjara huyo. Yule yule niliyemlilia katika aya ya nne.

Shati langu jeupe sasa ni la muuza makaa. Biasha alikuja, akanisukuma kando kwa nyonga. Kwa hasira akatupia motoni mashina ya makuti ya mchikichi, makavu, yaliyolala nyuma ya choo tangu msimu uliopita. Alitaka tu kumaliza mchezo.

Moto ukasimama. Safi, bila moshi. Pipa likachemka.

Hakuna aliyecheka tena. Biasha akainama, akapima shina jingine kwa mkono.

"Hii inakauka kwa miezi mbili," akasema. "Na nani ataikata? Nani ataibeba? Siyo weye na viatu yako."



Jumatano, tarehe 14 Februari 2024

Asubuhi Biasha hayupo. Chai haipo. Chanceline, akipita kwenda sokoni, ndiye aliyeniarifu: mke wangu amepanda Nyabihondo na Mulamba. Bila panga.

Sikwenda sokoni. Nimeandika barua moja siku nzima, nayo imeelekezwa kwake, maana bila saini ya mwenyekiti hakuna barua ya pande zote mbili. Kwamba korongo liachwe. Kwamba komini iwaruhusu wanawake kuokota makuti yote yanayopogolewa katika mashamba makubwa. Kwamba kwa miezi miwili ya kukausha, watumie mikaratusi ya komini iliyoanguka. Na kwamba mimi, Ismaili Radjabu, nitakata, nitabeba, nitachochea. Niliandika "kwa kadiri ya uwezo wangu", kisha nikayafuta. Maneno hayo nimewaandikia watu wengi. Najua ni ya kujifichia.

Saa kumi na moja amerudi. Matope hadi magotini. Amekaa kwenye kibao, akaikunjua barua.

"Mbega moja alinikojolea kwa kitenge," akasema.

Nikamwambia, pole, Mama Sumaya.

"Wako wachache, Baba Sumaya."

Basi. Anasoma taratibu, kidole chini ya kila mstari. Kalamu yangu anayo yeye. Haya nayaandika kwa penseli. Amefika mahali pa "nitachochea" — ameinua macho, amenitazama viatu. Ameinama tena.

Sasa yuko kwenye mstari wa mwisho. Nao hauna pambo: Mke wangu, komini inafungua kesho saa mbili. Ndiyo au hapana? Naomba uamuzi wako.