Samaki wa Wakwe

Jumanne, 3 Februari
Nimefagia uwanja, nimefua. Jua la hapa Shieywe linachoma tangu asubuhi. Jumamosi wakwe wa Nafula wanakuja kutoka Malava kupanga harusi. Jogoo wawili wamefungwa nyuma ya jikoni, nimewanenepesha tangu alipoleta habari za mchumba. Mama yake mzazi alifariki Nafula hajaanza kutembea. Baba yake, mume wangu, naye hayupo tena. Nimemlea mimi. Jumamosi nataka jambo moja tu: wakwe waone kuwa mimi ndiye mama.

Jumatano, 4 Februari
Wifi Beatrice kapiga simu kutoka Lubao. Ati baba mkwe wa Nafula amekatazwa kuku na daktari. Kuku, nyama, mafuta, vyote. Ati niwaandalie ile saladi yangu ya samaki wa kuchoma, na kwa joto hili itawafaa. Ameisifu sana. Wifi hajawahi kusifu chakula changu. Nimefurahi kama mtoto. Jogoo nimewafungua.

Ijumaa, 6 Februari
Nimepata tilapia wazuri, wabichi kabisa. Mmoja nimemchoma leo kwa majaribio. Chumvi, kitunguu saumu, ndimu. Makaa ya wastani, ngozi ibabuke, nyama ibaki na maji yake. Miiba nimeitoa yote kwa vidole. Mzee wa watu asije akakabwa mezani kwangu. Nafula alionja kidogo, akaenda kuosha vyombo. Wasiwasi wa bibi harusi, nadhani.

Jumamosi, 7 Februari
Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Nafula alipanga mabakuli ya mchuzi mezani. Nikamwambia saladi haina mchuzi. Akayaacha pale pale.

Wakwe wakaja, wifi naye, wakakaa. Nikaleta sinia langu: samaki juu ya letusi, nyanya, matango, parachichi, dhania. Wakatazamana. Huku kwetu mkwe asiyewekewa kuku huhesabu kwamba amefukuzwa. Nikamtazama wifi, aeleze habari za daktari. Akainuka, akafungua hotpoti aliyokuja nayo. Kuku mzima ndani ya mchuzi, firigisi ya mzee imetengwa kando.

"Mtusamehe," akawaambia wageni. "Huyu hakumzaa msichana, hajui. Ingokho iko hapa."

Mzee akala firigisi. Akala paja. Akaongeza mchuzi. Daktari gani?

Samaki wangu hakuguswa. Nikamrudisha jikoni, nikabaki huko huko. Sebuleni wakauliza nani atasimama kama mama siku ya harusi. Wifi akajibu ni yeye. Nilisikia vizuri.

Nilisubiri Nafula aseme neno. Nikamsikia akiwaongezea mchuzi.

Jumapili, 8 Februari
Kanisani sikwenda. Nimemuuliza Nafula kuhusu yale mabakuli. Alilia kwanza.

"Nilijua ataleta kuku, mama," akasema. "Shangazi Beatrice alisema watu wa Malava huulizanga maswali mengi wakisikia ni mama wa kambo."

Ameniita mama hata hapo.

Wifi simshangai. Hajawahi kunipenda, na mimi simpendi. Lakini huyu nilimbeba mgongoni. Akaniacha nichambue miiba yote akijua hakuna atakayekula. Nimechukia.

Jumatatu, 9 Februari
Sijapika.

Jumatano, 11 Februari
Joto bado. Jogoo wanachakura uwanjani, wana bahati yao. Wifi amepiga simu, sikupokea.

Mchana nilinunua samaki mmoja, nikamchoma polepole. Nikakata nyanya na tango, nikakamua ndimu. Nikakaa kivulini nyuma ya jikoni. Nafula akaja na sahani yake, akasimama. Tangu utoto samaki wake namchambulia mimi, hata baada ya kumaliza chuo.

Nikamgawia nusu. Miiba sikuitoa. Akakaa kando yangu, akaanza kuitafuta kwa vidole, mmoja mmoja. Tukala. Chumvi ilikuwa sawa.