Kwa Miodrag, Aliyeshukuru Nyumba Ikiwa na Matope

Mwaka umetimia, Miodrag mume wangu, tangu asubuhi ile ya Februari uliposema kifua kinakubana kidogo, na kabla gari la wagonjwa halijafika ukawa umeshatuacha. Kahawa yako hukuimaliza. Wewe, ambaye hukuwahi kubakiza kitu kwenye kikombe wala kwenye sahani.

Kijiji kizima kilikujua kwa kazi yako ya kutengeneza pampu za maji. Kisima cha nani hakikupita mikononi mwako? Ulikuwa ukirudi umeloa chapachapa, grisi mpaka kwenye viwiko, unaingia sebuleni na viatu vyako, nami nakupigia kelele. Unasema, "Mshukuru Mungu, bibie, una mtu wa kumgombeza." Kukununia ilikuwa kazi bure.

Kushukuru ndiyo ilikuwa tabia yako, na mara nyingine ilinichosha, nisiseme uongo. Mezani ulishukuru kwa supu, kwa chumvi, kwa jino lililoacha kuuma. Dada yako Ljubinka alikuwa akikwambia, "Kaka, fupisha basi, Mungu naye ana shughuli nyingine." Ulicheka, ukaongeza shukrani kwa ajili ya dada yako, na supu ikazidi kupoa.

Lakini mwaka wa mafuriko hakuna aliyecheka. Mto Kolubara uliingia ndani mpaka kwenye madirisha. Ulipotoka ulituachia matope, ukaondoka na vitanda, jiko na kuku wote. Wewe ukabeba pampu yako ukaenda kukausha nyumba za wajane kwanza, yetu ikasubiri. Mimi nilishafunga mizigo. Ndugu yangu alituita kwake Austria, na nilitaka twende tusirudi tena. Ukaniomba kitu kimoja tu: tusubiri slava yetu, sikukuu ya kila mwaka ya kumshukuru Mungu siku ya Mtakatifu Luka, mlinzi wa nyumba yetu. Baada ya hapo nikitaka kuondoka, tutaondoka.

"Slava gani, Miodrag?" nikakuuliza. "Utamshukuru Mungu kwa lipi? Kwa matope?"

"Kwa nguruwe."

"Nguruwe gani?"

"Wetu. Ameogelea mpaka kanisani. Wewe ungeweza?"

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Kisha ukaacha mzaha. "Mimi pia naogopa, Desanka," ukasema. "Nikilalamika, naogopa zaidi. Nikishukuru, napata nguvu ya kuamka kesho. Ndiyo maana nashukuru." Uliniambia hivyo mara moja tu katika maisha yetu yote.

Basi nikaoka mkate wa slava uani, chini ya kifuniko cha chuma kilichorundikiwa makaa, kwa kuwa jiko hatukuwa nalo. Ukaungua upande mmoja. Nikachemsha ngano, nikaichanganya na sukari. Kwenye slava mtu haalikwi. Anayekukumbuka huja mwenyewe, nami niliamini hakuna atakayekuja kwenye nyumba isiyo na hata kigoda. Mchana nikawaona watu wa upande wa juu wa kijiji, ambako maji hayakufika, wanashuka barabarani, kila mmoja amebeba kiti chake. Jirani yetu Budimir alibeba kiti cha ofisi chenye magurudumu, sijui alikitoa wapi. "Shemeji Desanka!" akapaza sauti kutoka langoni. "Nimekuja na gari langu, niegeshe wapi?" Jioni waliondoka, viti wakaviacha. Nami nikafungua mizigo.

Sasa nikusimulie ya slava ya Oktoba iliyopita, maana hukuwepo. Nilimwambia mwanetu Ratko kwamba safari hii hatufanyi kitu. Mwaka huo huo nimekuzika. Nitasimamaje mbele ya mshumaa nishukuru? Nilikuwa na hasira na Mungu, na sikuificha. Tangu Pasaka nilikuwa sijakanyaga kanisani. Ratko akaja tu kutoka Novi Sad na mkewe Slađana na mjukuu wetu Dunja, akaingia jikoni, akavua koti.

"Unga uko wapi, mama?"

"Sina unga. Tumefiwa."

"Tumefiwa, ndiyo. Lakini slava haifutwi kwa msiba, unalijua hilo kuliko mimi. Hatutapiga muziki, basi."

"Shukuruni nyinyi. Mimi sina la kusema."

"Usiseme. Kanda tu."

Ana ubishi wako yule. Nikakanda.

Padri Tihomir akaja. Mkate ukazungushwa, ukakatwa, ukamiminiwa mvinyo, ukabaki kumegwa na padri pamoja na mwenye nyumba. Mwenye nyumba sasa ni Ratko. Padri akaubusu mkate akasema, "Kristo yuko katikati yetu." Mwanao alitakiwa kujibu. Akafungua mdomo, akaanza kulia huku ameushika mkate. Padri akasema tena, taratibu. Watu waliinamisha vichwa wakamsubiri. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na aproni yangu, na ghafla nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Yupo, na atakuwepo." Sikuwa nimejipanga. Nikasogea, nikaushika ule mkate pamoja na mwanetu, tukaumega.

Kisha nikashukuru, Miodrag, kwa sauti, mbele ya watu wote. Sikushukuru kwa kifo chako. Kwa hilo bado tuna maneno mimi na Mungu, nitamwuliza uso kwa uso. Nilishukuru kwa kuwa alinipa wewe, akatuachia miaka mingi, na hakunipa mume mwingine. Na ule woga nilioubeba tangu Februari, woga wa kuamka peke yangu, ukapungua. Haukuisha, lakini siku ile ulipungua, na asubuhi yake niliamka nikaenda kanisani kwa miguu yangu, bila kusukumwa na mtu.

Tunakukumbuka kwa furaha iliyozidi machozi: mimi mkeo Desanka, mwanao Ratko, mkweo Slađana, mjukuu wako Dunja, dada yako Ljubinka, na majirani wote ambao visima vyao bado vinatoa maji.

Asante kwa kuwa wetu. Hatutakusahau kamwe.