Kikombe Kilichorudi Kitupu

Happy shoga yangu, uko wapi? Nipigie ukisoma hii.

Leo ndiyo nimeweza kutembea tangu nifanyiwe upasuaji wa kujifungua. Nimejikongoja mpaka chumba cha watoto mahututi nikamwone mwanangu. Nakuta mpira umechomekwa ubavuni mwake!

Nesi ananishangaa: "Pafu lake lilisinyaa juzi, hewa ikajaa kifuani, ndiyo tunaitoa. Si baba yake alisaini ruhusa?"

Alisaini. Mume wangu Rogath ALISAINI. Juzi!

Na mama mkwe kila siku anapokea kikombe changu cha maziwa niliyokamua ampelekee mtoto, anarudi nacho kitupu. "Mjukuu wangu kamaliza yote." Nesi anasema tangu juzi mtoto hajapewa hata tone, ni dripu tu. Sasa yale maziwa alikuwa anayamwaga wapi?

Nimembana Rogath. Eti, "Mama alisema ukijua, maziwa yatakata." Kijijini kwao Mnero mzazi haambiwi habari mbaya. Mimi ndiye mama yake, Happy!

Nesi anasema leo anapumua vizuri kidogo. Mungu asaidie.

Lakini juzi ile ile aliyosaini, nikiwa kitandani, nilimuuliza mume wangu kama mtoto amecheua baada ya maziwa.

Akaniangalia usoni akasema, "Amecheua vizuri, amelala."