Bunduki Isiyo ya Kulia Wala ya Kushoto

Jumanne, 17 Novemba 2009

Nimekwenda dukani kuchagua bunduki ya kulungu. Mke wangu Arlys nimemwambia nafuata oili ya trekta.  Alitazama tu dirisha.

Muuzaji akanipa ya pampu, ya kukokwa kwa mkono, kama ile yangu ya zamani. Nikaiweka bega la kulia, nikafumba jicho la kushoto. Ukutani kulikuwa na kichwa cha kulungu dume. Pembe naziona, shingo naiona. Uso hakuna! Shimo la kijivu katikati, na kila nikigeuza jicho, shimo linatangulia. Daktari alisema jicho hilo halirudi tena.

Muuzaji akauliza, "Mzee, unapiga kulia au kushoto?"

"Kulia," nikasema. Mdomo uliwahi kuliko akili.

Ya kushoto ilikuwapo, mwisho wa safu, peke yake. Tundu lake la kutemea maganda liko upande wa pili. Jamaa zangu wakiiona mikononi mwangu, kwisha habari – watajua jicho limekufa. Nimerudi mikono mitupu.

Alhamisi, 19 Novemba

Kwa nini wasijue? Hapa hakuna msomaji, niseme.

Kila Desemba tunafanya msako wa kulungu. Wengine wanatembea bondeni wakipiga kelele, mmoja anasimama kwenye kona ya uzio wa shamba, kulungu wanamjia. Wa kona ni mimi. Miaka thelathini na moja! Baba alinipa mimi kona ile, na anayetembea kunielekea ni Wendell, mdogo wangu. Nikimkosa kulungu, tutacheka. Nikikosea nikampiga mtu, basi ni yeye.

Arlys anasema nimwambie Wendell. Nikasema nitamwambia.

"Lini, Eldon? Ukishamzika?"

Akanyanyuka, akaacha chakula. Nimekasirika kutwa nzima, kwa sababu anasema kweli.

Jumamosi, 21 Novemba

Nimenunua! Ya kuvunja, mtutu mmoja, risasi moja. Unaikunja kati, unatia, unafunga. Ganda unalichomoa kwa nyuma – si kulia, si kushoto. Mtu haambiwi kitu na bunduki hii. Tena ni ndogo, haipigi teke sana. "Nzuri kwa bega la mtu mzima," muuzaji kasema. Na kisingizio nimepewa bure!

Mchana nimeijaribu kwenye mabua ya mahindi. Ndoo ya malisho, hatua hamsini, bega la kushoto. Lo! Kama kula kwa mkono usiouzoea. Tano za kwanza sikugusa kitu. Kufika ya kumi na mbili ndoo ina matundu matatu. Nikacheka peke yangu shambani kama mwehu. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Kesho hakuna kujaribu. Siku ya Bwana hatupigi risasi.

Alhamisi, 26 Novemba

Sikukuu ya Shukrani, nyumbani kwa Wendell. Bata mzinga, viazi, pai mbili za maboga. Nikaileta bunduki waione – bora wacheke mapema.

"Hii bunduki au fimbo ya bibi?" Wendell huyo. "Risasi moja! Kaka, kulungu wa pili utamrushia kofia?"

Watu hoi kwa kucheka. Nami nikacheka. Kisha akanipiga kofi la begani, la mapenzi tu. Bega la kushoto. Nikaruka! Bado limevilia damu tangu mazoezi ya Jumamosi.

Akaacha kucheka. "Mbona la kushoto?"

Nikasema nimeteleza kwenye ngazi ya trekta. Hakuuliza tena. Alipokata pai, kipande kikubwa akanipa mimi.  Naona aibu.

Ijumaa, 4 Desemba

Daktari alinipa karatasi ya miraba ya kupimia macho, iko kwenye mlango wa friji. Kila asubuhi nafunika jicho moja, natazama kwa la pili. Leo nimefunika la kulia.

Mistari iliyonyooka imepinda, kama ilivyoanza kwa la kulia. La kushoto nalo!

Sijamwambia Arlys. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifo cha nani, lakini?

Jumamosi, 5 Desemba

Saa sita mchana. Ndani ya pikapu, vidole vimekufa ganzi. Lazima niandike, la sivyo nitapasuka.

Msako wa kwanza. Nimesimama konani, theluji hadi kwenye vifundo. Nyasi zikatikisika. Bunduki ikapanda – bega la kulia! Mazoea ya miaka arobaini hayakuniomba ruhusa. Kitu cha kahawia kinakuja, chini chini, polepole. Nikakaza kidole.

Kikakohoa.

Wendell! Suruali yake ya kahawia. Fulana ya rangi ya chungwa, tunayovaa ili tuonekane, yote imemezwa na lile shimo. Hatua thelathini.

Sikupiga. Mungu wangu, sikupiga.

Wenzetu wanakula mikate nyuma ya gari. Wendell amekuja dirishani na kahawa, nusu imemwagikia glavu.

"Kaka. Nimeuona mtutu wako umenielekea usoni."

Nikaipokea kahawa.

"Uliniona?"

"Nilikuona," nikasema. Mungu anisamehe.

 Galen, jirani yetu, akapaza sauti: msako wa pili nani anakaa konani? Nikamngoja Wendell aseme. Nilitaka aseme yeye, ninyang'anywe, yaishe.

"Eldon," akamjibu. "Kona ni yake, mpaka mwenyewe aseme."

Nikanyamaza. Mzee mzima, nimenyamaza!

Saa saba na robo. Konani. Wote wameshuka bondeni. Bunduki imekunjwa magotini, tupu. Risasi iko kiganjani, imeshapata joto la mkono. Nikitia, nitapiga nini? Nisipotia, kulungu wakipita wenzangu watauliza, na nitasema nini?

Honi imelia. Wameanza.

Kelele za Galen kulia, mbali. Makofi. Na katikati, kunielekea – nani anaimba? Hakuna aimbaye msakoni. Zaburi ya kanisani, kwa sauti yote, anaipotosha tuni kama kawaida yake. Wendell! Miaka yote hiyo hupiga mluzi tu.

Haachi. Ubeti ukiisha anaanza mwingine, hapumui.

Anaimba ili nijue alipo. Anajua. Tangu lini? Anajua, na bado anakuja moja kwa moja kwangu, na mimi risasi bado iko kiganjani, bunduki tupu.