Nilipona kwa Mchina, Nikashuhudia Maombi

Mpendwa Bi Nusaiba, naomba unisaidie kabla sijarudi kanisani Jumapili, maana nimejiingiza pabaya na sijui pa kutokea. Mimi ni mama wa Bukavu, nasuka nywele hapa ugenini Berea, mtaa wa maghorofa, na tangu mwaka jana mkono wangu wa kulia ulikuwa unakufa ganzi, kitana kinaniponyoka mbele ya wateja, kanisani wakaniombea, tukafunga, ganzi ikabaki palepale, mpaka mteja mmoja akanielekeza kwa daktari wa Kichina kule Cyrildene, mtaa wa Wachina. Nikaenda kwa siri, na nilipoona ukutani ile duara nusu nyeusi nusu nyeupe, ambayo mchungaji wetu husema ni alama ya shetani, nilitaka kugeuka, lakini yule mzee alishanishika mapigo, mkono huu na huu, akaniambia nitoe ulimi autazame, kisha akaniuliza napumzika lini, nikacheka. Akasema mwilini mna nguvu inayotembea, wao wanaiita chi, na mna pande mbili, wa kutenda wenye joto na wa kutulia wenye ubaridi, mmoja ukimlemea mwenzake nguvu inakwama, na yangu imekwama begani, basi akanichoma sindano nyembamba, nikarudi mara kadhaa, nikapunguza wateja kama alivyoniagiza, na ganzi ikaisha.

Sasa Jumapili moja Mamie wa kwaya, aliyeniona nikisuka vizuri, akapaza sauti kwamba nimepona, wakanisukuma mbele, kwetu aliyepona lazima ashuhudie, nikashika maikrofoni, nikainua mkono, nikasema ni maombi peke yake, sikwenda kwa daktari yeyote, kanisa zima likalipuka kwa shangwe. Ningekaa na aibu yangu kimya, lakini rafiki yangu, nitamwita Victoire, ana uvimbe kwenye titi, hospitali walimpa tarehe ya kupimwa, naye hakwenda. Ananiambia, "Dada, kama Mungu aliponyesha mukono yako bila docteur, atashindwa na titi yangu? Niwekee ule mukono." Na mimi nikauweka. Nikisema ukweli watanitenga, mume wangu ni shemasi, atakosa pa kuficha uso, nikinyamaza silali. Je, nimwombee tu kwa nguvu zaidi?

Mwenye mkono, Berea

*

Mwenye mkono, pole kwa ganzi na pole kwa hofu. Pole zimeisha.

Kwenda kwa Mchina si kosa. Bibi yangu kule Tanga aligawa vyakula vya moto na vya baridi, mzazi aliyetoka kujifungua hakupewa cha baridi hata alie, na hakuna aliyemwita mshirikina. Kama chi ipo au haipo, sijui. Najua uliacha kusuka kutwa nzima na bega likapata nafuu. Mzee yule alikuuliza unapumzika lini, swali ambalo shemasi wako nyumbani hakuwahi kukuuliza. Ukitaka kumshukuru Mungu kwa sindano, mshukuru, nani amekukataza?

Ila ulisimama mbele za watu ukasema upande mmoja, ule mwingine ukaukalia. Na sasa unaniuliza kama uongeze maombi! Mama, huoni haya? Uvimbe wa titi si bega lililochoka. Wala usimkimbize Cyrildene, najua wazo hilo limeshakupitia. Huyo ni wa hospitali.

Jumapili ni mbali. Ukimaliza kusoma hapa, weka kitana chini uende kwa Victoire, mkae wawili, umwambie kwa mdomo wako. Usianze na mchungaji wala shetani, anza na sindano. Atakukasirikia, na ana haki. Mumeo naye asikie kutoka kwako, si kwa Mamie. Kanisani utasema baadaye, wakikutenga wakutenge. Berea kuna kanisa kila ghorofa, Victoire ni mmoja.

Kesho alfajiri mpeleke hospitali akaombe tarehe nyingine. Foleni itakuwa ndefu, benchi gumu, na ataogopa. Hapo sasa mshike, kwa mkono huohuo.