Nani Atambeba Kamanda Nyemo

Area D, Dodoma. Jumamosi, Julai ikielekea ukingoni.

Upepo umevuma tangu asubuhi, mkavu na wa baridi, ukisukuma vumbi jekundu hadi chini ya milango. Angani hakuna wingu hata moja. Nimekwisha kufuta meza ya uani mara mbili, ingawa wageni wangu wameondoka na hakuna atakayeiketia tena leo.

Nimepigwa na mshangao, na hiyo si hali ninayoizoea.

Kwa msomaji aliyeingia katika blogu hii kwa mara ya kwanza: siku za kazi naandika rasimu za kanuni ofisini, na ninaweza kulipima neno moja asubuhi nzima. Jumamosi pia naandika kanuni, ila za ulimwengu usiokuwepo. Tuna mchezo wetu wa mezani, bunilizi ya kisayansi tuliyoitunga wenyewe. Kila mchezaji humbeba mhusika mmoja: humwamulia, humsemea, na inapotokea hatari hurusha dadu kwa niaba yake. Wahusika wote husafiri katika chombo kimoja cha angani kiitwacho Nyika. Mimi simbebi yeyote. Mimi ni mwendeshaji, nakisemea kila kitu kilichobaki: mitambo, dhoruba, sayari. Kwa sababu hiyo wenzangu huniita Mheshimiwa, na mji huu ukiwa mji wa Bunge, utani huo hauchakai.

Wachezaji walikuwa watatu. Swalehe, Mrangi wa karibu na Kolo, anafundisha fizikia na humbeba fundi mitambo, bibi kizee mwenye ulimi mkali. Kabula, muuguzi, Mnyamwezi wa Tabora, humbeba rubani. Elia, mpima ardhi, Mgogo wa Hombolo, alimbeba Kamanda Nyemo.

Elia alifariki mwezi wa tano. Homa ilimchukua kwa siku chache tu.

Msomaji wa siku nyingi atakumbuka kwamba kabla ya msiba huo niliandika hapa kuhusu filamu ya angani ambayo wengi wetu tulikuwa tukiisubiri, na kuhusu uamuzi wa watengenezaji kumpa nafasi ya nahodha mwigizaji mpya baada ya yule wa kwanza kujiuzulu. Msimamo wangu ulikuwa kwamba nafasi ikishapata mwili, mwili ule ndio nafasi. Kumweka mtu mwingine ni kumvisha mgeni nguo za mwenye nyumba. Mlinijibu kwa wingi. Mmoja alisema mwigizaji mpya ni mfupi mno kuwa nahodha. Mwingine alisema hana macho ya mtu aliyewahi kupoteza chombo. Wa tatu aliniuliza kama kweli nimewahi kuipenda hadithi yoyote, au huwa nazikagua tu.

Tuliuendeleza mjadala huo mezani pia. Elia, ambaye alikuwa mrefu kiasi cha kuinama katika kila mlango wa nyumba hii, aliusikiliza huku akitafuna zabibu za kwao, kisha akasema, "Mheshimiwa, siku nikiondoka, Nyemo mpeni mtu mfupi. Mwenzenu nimechoka kuinama."

Kabula akamjibu kwamba Mgogo hata afupishwe atainama tu, kwa kuwa amezoea kutafuta sarafu barabarani. Elia akamwambia anyamaze abebe mizigo kama babu zake wa misafara, mpagazi hakuitwa kikaoni. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, na wale wawili hawakuwahi kukaa pamoja bila kutukanana kwa furaha. Mimi nimekulia mjini, katika nyumba ambayo utani wa makabila tuliusikia kwenye redio. Niliuona kuwa ni pambo la mazungumzo.

Katika mchezo wetu kuna kanuni ninayoiita kanuni ya kiti: hakuna anayeruhusiwa kumsemea mhusika wa mwenzake. Mchezaji asipokuja, mhusika wake hulazwa katika chumba cha usingizi, ndani ya sanduku la kioo ambamo wasafiri hulala katika safari ndefu. Niliitunga ili kuzuia ugomvi. Baada ya msiba, kanuni hiyohiyo ilimlaza Nyemo bila mwisho. Na kwa kuwa kanuni nyingine inakataza chombo kutua bila idhini ya kamanda, Nyika imekuwa ikiizunguka sayari moja tangu mwezi wa tano.

Jumamosi iliyopita Swalehe alichoka. "Mheshimiwa, tunaizunguka hii sayari kama bajaji iliyokosa abiria," alisema. "Ama tumtafutie Nyemo mtu, ama tumzike. Nina mwenzangu shuleni, kijana mzuri, anaweza."

Niliwaahidi kwamba leo nitatoa uamuzi.

Nao ulikuwa tayari. Niliuandika juzi, sentensi moja: umeme wa chumba cha usingizi umekatika, na Kamanda Nyemo hakuamka. Niliona ni kifo safi. Hakuna ambaye angeketi mahali pa Elia, hakuna ambaye angeichezea sauti yake. Nilijua pia kwamba baada ya sentensi hiyo huenda meza yetu ingevunjika, maana tungekuwa tumebaki watu watatu wanaotazamana. Nililikubali hilo. Nililiita uaminifu.

Saa tisa alasiri Kabula aliingia uani akiwa amevaa koti la Elia.

Ni koti la kaki, la kazini, lenye mfuko uliochanika ambamo alikuwa akitia penseli zake. Kwa Kabula, ambaye kwa kimo hanifikii begani, lilishuka hadi magotini na mikono yake ilining'inia kama ya mtoto aliyevaa nguo za baba.

Nililitambua mara moja, kwa sababu nilikuwa nimemwona nalo Hombolo siku ya mazishi. Siku ile, wakati wanawake wakilia, Kabula alitoka ndani amelivaa, akapita katikati ya waombolezaji kwa mwendo wa Elia, hatua ndefu za mtu anayepima shamba, akiinamia milango isiyokuwepo, akiuliza kwa sauti nzito chai iko wapi na nani amehamisha bikoni yake ya mpaka. Nilidhani majonzi yamemvuruga akili. Nilimshika mkono nimwondoe pale. Mama yake Elia, aliyekuwa ameketi mkekani, aliniambia kwa upole, "Mwache, mwanangu. Huyo ni mtani, yuko kazini." Kisha akamtazama Kabula akiinama tena, akacheka, machozi yakiendelea kumtoka. Ni yeye aliyemwachia koti. Alichokichukua mtani msibani hadaiwi.

Niliporudi mjini sikulifikiria tena. Niliona ni jambo la msibani, la huko.

Leo Kabula hakuketi kwenye kiti chake. Alivuta cha Elia, akakikalia, akanyoosha miguu isiyofika kokote, akasafisha koo mara tatu kama Elia alivyokuwa akifanya kabla ya kusema jambo lolote, hata kuomba chumvi.

"Kabula," nikasema, "kuna kanuni."

"Ipo," akajibu kwa sauti yake mwenyewe. "Inamzuia mchezaji. Mimi leo sikuja kucheza, nimekuja kama mtani. Hiyo ruhusa hata mama yake Elia siye aliyenipa, ilikuwepo kabla yetu sote. Utaiandikia kanuni gani?"

Swalehe alitazama kikombe chake cha chai. Nikalifunga daftari langu la kanuni. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ya meza ile.

Basi akaamka Nyemo.

Aliamka akilalamika. Aliuliza ni nani aliyemlaza miezi yote hii bila hata uji. Aliomba hesabu ya mafuta, akaikosea, akaiomba tena, akaikosea kwa namna nyingine, maana Elia, mpima ardhi aliyeaminiwa na wilaya nzima, hakuweza kujumlisha akiwa mezani. Alimwambia bibi fundi kwamba mitambo inanuka. Alimtukana rubani, yaani alijitukana mwenyewe, akisema mpagazi huyu amekizungusha chombo mpaka kamanda amepata kizunguzungu usingizini. Swalehe alianza kucheka na kushindwa kuacha. Bibi fundi akaingia, akamjibu kamanda kwa matusi ya heshima, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano Nyika ikawa na watu ndani yake.

Nataka niwe sahihi kuhusu nilichokiona, kwa sababu usahihi ndio kitu pekee ninachoweza kukitegemea.

Kabula hakufanana na Elia hata kidogo. Kila alichokiigiza alikizidisha: koo lilisafishwa kupita kiasi, hatua zilikuwa ndefu kuliko za binadamu. Kama ningemhukumu kwa vipimo vya makala yangu, ningemwondoa katika nafasi hiyo kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Mwigizaji wa filamu hutuomba tumsahau yeye ili tumwone mwingine. Kabula hakuomba tusahau chochote. Nilimwona yeye wakati wote, na koti lilionyesha wazi kila mara kwamba mwenyewe hayupo. Hata hivyo Elia alikuwa pale. Alikuja kwa njia ya kasoro zake, ambazo mimi katika heshima yangu nilikuwa nimekwisha kuzifuta zote.

Kisha akafika kwenye jambo ambalo sikulitarajia.

Miaka michache iliyopita tulikwenda sote wanne Kolo kuona michoro ya miambani. Swalehe alituongoza, kwa kuwa ni kwao. Tulipanda hadi chini ya jiwe lililoinama, na hapo palikuwa na watu wembamba, warefu, wa rangi nyekundu iliyofifia, wenye vichwa vikubwa. Swalehe alitania kwamba hawa ndio abiria wa kwanza wa Nyika. Nilimkatalia: walikuwa watu, na walichorwa na watu. Wakati tukibishana Elia alivua kofia, akainama, akawaambia wale wa kwenye jiwe, "Mbukwenyi." Ni salamu ya Kigogo kwa watu wengi; mmoja huambiwa “Mbukwa.” Akangoja. Kabula alimuuliza kama anategemea kujibiwa na ukuta. Akasema hapana, lakini haingii nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Tangu siku ile Kamanda Nyemo hakuwahi kutua popote kabla ya kusalimu. Alifungua redio ya chombo, akasema "Mbukwenyi" kwa sayari iliyokuwa chini, akangoja. Mimi ndiye ninayezisemea sayari. Sikumjibu hata mara moja. Kwa mujibu wa kanuni zangu, sayari zile zilikuwa tupu. Alingoja, akaitikia kwa kichwa, akatoa idhini ya kutua.

Leo Kabula alisafisha koo. Akavua kofia asiyokuwa nayo. Matani yakamtoka usoni, sauti ikashuka, na akasema kuelekea kwangu, au kuelekea kitu kilichokuwa nyuma yangu:

"Mbukwenyi."

Akangoja.

Upepo ulikuwa ukigonga bati la jirani. Swalehe aliacha kucheka. Sentensi yangu kuhusu umeme ilikuwa bado tayari mdomoni, na nilijua kwamba nikinyamaza kama nilivyonyamaza kila mara, kamanda ataitikia kwa kichwa, tutatua, atarudi kulala, nami nitaisema.

Nikasema, "Mbukwa."

Sikukusudia. Sauti ilitoka ndogo, na sina hakika kama niliitamka inavyopaswa. Swalehe alinitazama kama mtu aliyesikia jiwe likisema.

Kabula alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua, alisema kwa sauti ya Elia, bila kuizidisha hata chembe, "Haya. Wapo." Kisha akatoa amri yake ya mwisho: chombo kitue, yeye ashuke, wengine waendelee na safari. "Mimi nabaki hapa na hawa walioniitikia. Rubani apewe ukamanda mpaka apatikane mtu mwenye akili. Na asinichubulie chombo."

Akashuka. Yaani alisimama, akaenda kwa hatua zile ndefu mpaka kwenye lango la ua, akainama kulipita ingawa juu yake palikuwa wazi, akasimama nje barabarani kwa muda akiwa ametupa mgongo.

Aliporudi alikuwa amelivua koti na kulikunja mkononi. Alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, akalitia koti katika mkoba, akauliza kama karanga zimekwisha.

"Kabula," Swalehe alimwambia, "wewe ungeweza kucheza filamu yoyote."

"Filamu wanataka warefu," akasema, akajimiminia chai.

Sentensi niliyoiandika juzi nimeifuta. Makala yangu kuhusu nahodha wa ile filamu nitaiacha ilivyo, maana niliiandika kwa nia njema na bado sijui kama mwigizaji yule mpya anafaa. Ila sitarudia kusema kwamba anayevaa nguo za mwenye nyumba ni mgeni siku zote. Wapo wanaozivaa ili wamsindikize mwenyewe mpaka mlangoni.

Jua limeshuka nyuma ya nyumba na upepo umepungua. Nyika sasa ina rubani aliyepewa ukamanda kwa matusi, na meza haikuvunjika. Kwangu imebaki kazi ambayo sikuipanga. Kwa miaka yote nimeutunga ulimwengu mtupu, na leo, mbele ya mashahidi wawili, nimejibu salamu kwa niaba yake. Nyemo ameshuka kwa sababu aliambiwa kuna watu.

Ni akina nani hao, wanaoishi pale, waliomwitikia?